Daftari la sanaa la kushonwa kwa mkono, Mwanza: likiwa tupu ni zuri, je likijaa?

Daftari tunalolipima hapa ni la aina inayoshonwa kwa oda na mafundi wadogo wa Mwanza, wengi wao wakiuza kwa simu: ukubwa wa A5, jalada la kitenge, mgongo ulioachwa wazi ili uzi uonekane, na kamba ya kufungia. Tulilipa shilingi 25,000. Fundi hatumtaji, maana kasoro zinazofuata si zake peke yake. Madaftari mengi ya aina hii yanayouzwa mjini yanazo.

Likiwa tupu mezani, huna cha kulalamikia. Kitenge kimenyooka, pembe zimekunjwa vizuri, uzi umekazwa sawasawa, na ukilifungua linalala bapa bila kushikiliwa. Lakini hili si daftari la mahudhurio. Litapakwa rangi, litabandikwa vipande vya magazeti na vitambaa, litalowa, litakauka, kisha litafungwa kwa nguvu. Ndiyo maana tulilijaza kwanza, ndipo tukaandika.

Karatasi: hapa ndipo penye tatizo

Ndani kuna vijitabu vitano vilivyoshonwa pamoja. Kila kijitabu ni karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati, kwa hiyo jumla ni karatasi 20, yaani kurasa 80. Karatasi yenyewe ni ya fotokopi, gramu 80, ile ya rimu inayopatikana steshenari yoyote.

Gramu 80 inakubali penseli, kalamu ya bolpeni na kreyoni. Makapeni inapenya hadi ukurasa wa pili. Rangi za maji ndizo zinazoiumbua: brashi ikipita mara mbili mahali pamoja, uso wa karatasi unachubuka na kutoa vinyuzi, na ukurasa ukikauka unabaki na mabonde ambayo hata pasi haiyaondoi yote.

Kuna kosa jingine lisiloonekana kwa macho. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo. Nyuzi zake nyingi zimelala kufuata mwendo wa mashine iliyoitengeneza. Kwenye A4 nyingi nyuzi hizo zinafuata urefu wa karatasi. Ukiikunja katikati upate A5, mkunjo unazikata kwa upana. Mkunjo unakuwa mkaidi, kurasa zinataka kujifungua zenyewe. Baya zaidi, karatasi ikinyonya unyevu hutanuka kwa kuvuka nyuzi, na kwenye daftari hili huko ni kufuata mgongo, mahali ilipobanwa na uzi. Haina pa kwenda, basi inafanya mawimbi. Mtu wa Dodoma huenda asiyaone. Kwa anayeishi Igogo au Kirumba, ziwa likiwa pale chini, masika yakianza mwezi wa Machi, mawimbi hayo yanajitokeza hata kwenye kurasa ambazo hazijaguswa na brashi.

Kupima mwelekeo ni jambo la dakika moja. Shika karatasi, ikunje polepole bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande inaokubali kwa ulaini ndio unaokwenda na nyuzi, na mkunjo wa daftari unatakiwa ufuate upande huo. Ukiwa bado na wasiwasi, kata kipande kidogo, lowesha uso mmoja. Kitajiviringa chenyewe, na mwanzi utakaotokea unalala sambamba na nyuzi.

Dawa yake ni manila. Nunua manila kubwa, ipime mwelekeo, kisha ikate vipande vya sentimita 29.7 kwa 21 ambavyo nyuzi zake zinafuata upande mfupi. Manila moja ya ukubwa wa A1, nyuzi zake zikiwa zinafuata urefu, inatoa vipande vinane. Mbili zinatoa 16. Tumia 15 kwa vijitabu vitano vya karatasi tatu tatu, na kimoja kinabaki cha majaribio ya rangi. Usiweke nne. Manila ni nene, na karatasi zikizidi tatu zile za katikati zinasukumwa nje, ukingo wa daftari unakuwa na ngazi na utalazimika kuukata upya. Utapata kurasa 60 badala ya 80, lakini 60 zinazofaa.

Mwanzoni na mwishoni fundi ameweka karatasi mojamoja ya magugu maji, ile ya rangi ya kahawia yenye nyuzi zinazoonekana. Ni nzuri kwa macho, na tunapenda kwamba gugu linaloziba mialo limepatiwa kazi. Kwa kazi ya brashi haifai ikiwa mbichi: inanyonya rangi papo hapo na mstari unasambaa. Ipake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa, iache ikauke, ndipo uipake rangi. Au iache ilivyo na uibandikie vitu tu. Kwa anayetaka kuitengeneza mwenyewe, magugu maji karibu yote ni maji, kwa hiyo beseni zima la mashina linakuachia nyuzi kidogo sana. Chemsha mashina yaliyokatwa vipande vifupi pamoja na magadi hadi yalainike, yasuuze mpaka maji yatoke safi, yatwange, kisha changanya na karatasi chakavu iliyolowekwa. Bila hiyo karatasi chakavu, inakauka ikiwa imejikunyata na kuvunjika pembeni.

Uzi na mshono

Hapa fundi anastahili pongezi. Ametumia uzi wa nyavu, nailoni iliyosokotwa, na kwa Mwanza hakuna chaguo bora zaidi kwa bei yake. Hauozi, haukatiki, na maduka ya zana za uvuvi ya upande wa Kirumba yanao wa kila unene. Kwenye lebo utaona 210D ikifuatiwa na namba inayoonyesha unene. Kwa daftari chukua kati ya 6 na 9. Ulio chini ya hapo ni mwembamba, unakata karatasi kwenye matundu. Ulio juu yake unajaza mgongo mafundo. Uzi wa timba, ule unaong'aa wa unyuzi mmoja, usiuguse: unateleza, fundo halishiki, na nyavu zake zenyewe zimepigwa marufuku.

Nailoni ina tabia mbili za kuzijua. Inavutika, kwa hiyo mshono unaoonekana umekaza leo unaweza kulegea baadaye. Uvute uzi na kuunyoosha kwa mikono kabla ya kushona, kisha uupitishe kwenye mshumaa mara mbili ili ushike. Na fundo lake hufunguka. Piga fundo mara mbili, acha mkia wa nusu sentimita, uyeyushe ncha kwa kiberiti huku umekinga karatasi kwa kipande cha bati. Kwenye daftari letu mikia ilikatwa karibu mno na fundo na haikuyeyushwa. Fundo la kijitabu cha mwisho lilifunguka daftari lilipofika theluthi mbili.

Mshono ni wa mnyororo, ambao ndio unaoliwezesha daftari kulala bapa. Kasoro iko kwenye matundu: ni manne, na la kwanza liko sentimita tatu kutoka juu. Ncha za kurasa zinabaki huru, na zikishabeba gundi na rangi zinaanza kuachana. Kwa kimo cha sentimita 21 matundu matano yanatosha: pima kutoka juu 1.5, 6, 10.5, 15 na 19.5. Chora vipimo hivyo kwenye ukanda mmoja wa karatasi ngumu na uutumie kwa vijitabu vyote, vinginevyo milimita moja ya hitilafu kila kijitabu inatosha kuupinda mgongo mzima.

Toboa kwa shazia ya fundi viatu au msumari mwembamba, kijitabu kikiwa kimelazwa ndani ya kitabu kikuukuu kilichofunguliwa nusu, ili tundu litokee katikati ya mkunjo kabisa. Kwa vijitabu vitano na majalada mawili, uzi wa mita moja na robo tatu unatosha. Ukizidi mita mbili utakuwa unafungua mafundo badala ya kushona. Na ukikaza, vuta uzi kwa kufuata mgongo, usiuvute juu. Kuvuta juu ndiko kunakopasua tundu, na tundu likipasuka hakuna mshono utakaolishika tena; inabidi ubandike ukanda wa karatasi nyembamba kwenye mkunjo na kutoboa upya.

Mgongo usio na nafasi

Kama kuna jambo moja la kumwambia fundi kabla hajaanza, ni hili. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kurasa 80 ni majani 40, yaani milimita nne hivi. Fundi ameshona kwa kipimo hicho, mgongo umebana barabara, na mnunuzi anausifia. Sasa bandika kipande cha gazeti kila ukurasa, paka rangi, ongeza kitambaa hapa na pale. Kila jani linanenepa mara mbili au tatu. Ukingo wa mbele unafika sentimita moja na ushee huku mgongo ukibaki vilevile, na daftari linapanua mdomo kama kiboko. Kamba ya kufungia inalibana kwa nguvu, nguvu hiyo inahamia kwenye uzi, na karatasi ya nje ya kila kijitabu inaanza kuraruka kwenye matundu. Kwenye daftari letu kuraruka kulianzia kijitabu cha tatu, cha katikati, ambacho ndicho kinachofunguliwa zaidi.

Kinachotakiwa ni vishikizo. Kata vipande vya manila vyenye upana wa sentimita nne na kimo cha 21, vikunje katikati, na uviweke ndani ya kijitabu kabla ya kushona, viwili kwa kila kijitabu. Vinanenepesha mgongo peke yake, na ile nafasi inayobaki mbele ndiyo ya gazeti na kitambaa. Kwa vijitabu vitano unapata takriban milimita nne za ziada, yaani unauongeza mgongo mara mbili. Zaidi ya hapo, kila kishikizo ni mahali pa kubandikia picha au karatasi nene bila kuongeza mzigo kwenye kurasa.

Ukishanunua ambalo halina vishikizo, bado unaweza kuliokoa. Kata jani moja kati ya kila matatu, ukiacha kipande cha sentimita mbili kikiwa kimeshikwa na uzi. Usikate usawa wa mkunjo hata kidogo: kila jani limeungana na mwenzake wa upande wa pili, na ukilikata lote mwenzake atachomoka siku si nyingi. Gawanya pia uzito. Kitu kinene kikikaa katikati ya ukurasa huu, kingine kikae pembeni ya ukurasa ufuatao.

Jalada

Kitenge kizuri, ubao mbaya. Ndani kuna boksi la bidhaa, lile lenye mawimbi katikati. Bonyeza kwa ukucha, alama inabaki. Liweke chini ya uzito, mistari ya mawimbi inajitokeza kwenye kitambaa. Boksi faili kuukuu za ofisini zinatoa ubao mgumu wa milimita mbili hivi, na ofisi nyingi huzitupa. Kata vipande viwili vya sentimita 15.2 kwa 21.6, ili jalada lizidi kurasa kwa milimita tatu juu, chini na mbele. Kitenge kikate 19.2 kwa 25.6.

Kabla ya hapo kifue na ukipige pasi. Kitenge kipya kina ule ugumu wa dukani unaozuia gundi kushika, na kikikosa kufuliwa kinaachia ubao baada ya miezi michache, kuanzia kwenye pembe. Gundi ya mbao nyeupe ipakwe kwenye ubao, si kwenye kitambaa, nyembamba na kwa brashi bapa. Ikizidi inapenya hadi juu na kuacha doa linalong'aa lisilotoka. Bandika pia karatasi upande wa ndani siku hiyohiyo. Kitambaa kikikauka kinauvuta ubao upinde, na karatasi ya ndani ndiyo inayouvuta urudi. Anayependelea uji wa muhogo badala ya gundi ya dukani atapata jalada laini zaidi, ila mende na ukungu nao wanaupenda. Matone mawili ya mafuta ya karafuu kwenye kikombe cha uji yanapunguza ukungu.

Kulijaza

Kurasa za gramu 80 zinahitaji kupewa ngozi. Rangi nyeupe ya ukutani isiyong'aa, vijiko viwili kwa kijiko kimoja cha maji, inatosha kurasa nne hadi sita. Paka nyuma na mbele, maana ukurasa uliopakwa upande mmoja unajikunja kuelekea huko. Rangi inayong'aa haifai: penseli inateleza na rangi za maji zinakusanyika matone matone. Paka asubuhi. Jioni mwanga wa taa unavuta vijidudu vya ziwani, na vikishanasa kwenye rangi mbichi huwezi kuvitoa bila kuacha mkwaruzo.

Kwa picha, nenda kwenye mashine ya fotokopi au leza. Picha iliyotoka kwenye printa ya wino wa maji ikiguswa na gundi inachuruzika, hasa nyekundu na bluu, wakati wino wa fotokopi ni unga wa plastiki ulioyeyushwa na haujali maji. Risiti za EFD, zile za mashine za kodi madukani, na tiketi za mashine nazo zina mtego wao. Maandishi yake ni ya joto, hayana wino. Yanafifia juani na kwa muda, na ukizipitishia pasi karatasi yote inakuwa nyeusi. Zitolee fotokopi, ubandike nakala.

Wengi siku hizi wanapenda kuweka kitu cha ziwa. Gamba la sangara ni kubwa, linapitisha mwanga na linapokea rangi vizuri, lakini liloweke kwenye maji ya sabuni usiku kucha, lisuguliwe kwa mswaki mpaka harufu iishe, kisha likaushwe chini ya uzito. Likikauka hewani linajikunja na halinyooki tena. Gundi nyeupe hailishiki kwa sababu uso wake ni laini, kwa hiyo litoboe matundu mawili ulishone kwenye ukurasa. Dagaa mzima tunamshauri mtu amchore tu.

Rangi ya akriliki ndiyo inayoharibu madaftari mengi hapa. Hata ikikauka inabaki na kunata kidogo, na joto likiungana na unyevu, kurasa mbili zilizobanana kwa wiki moja zinashikana na kung'oana. Sugua mshumaa mweupe juu ya rangi iliyokauka kabisa, ufute kwa kitambaa laini, au weka karatasi ya kuokea kati ya kurasa.

Kwa gundi, kanuni ni nyembamba na hadi ukingoni. Anza katikati ukielekea nje, pitisha kitambaa kikavu kutoa hewa, weka nailoni chini na juu ya ukurasa, funga daftari, liwekee uzito wa kilo tano hadi kesho yake. Usifanye zaidi ya kurasa nne kwa siku. Maji ya gundi lazima yapate pa kutokea, na daftari likibaki na maji ndani ya mgongo litaota ukungu mweusi kwenye mikunjo.

Ukiagiza

Mafundi wengi wanakubali masharti ukiyasema kabla hawajakata karatasi. Omba manila yenye nyuzi zinazofuata mgongo, vijitabu vitano vya karatasi tatu, vishikizo viwili kila kijitabu, matundu matano, ubao wa boksi faili, na mikia ya uzi iliyoyeyushwa. Utaongezewa bei kidogo, na ni haki yake, kwa sababu kazi ya kukata manila ni ya mkono na rula ya chuma. Kamba ya kufungia tunashauri iwe ya lastiki pana au iwe ndefu kiasi cha kuzunguka mara mbili, la sivyo haitafika daftari likishanenepa.

Kipindi cha mvua mpe fundi siku mbili za ziada za kukausha, na usilipokee kwa kulitazama tu. Ligusishe jalada shavuni, nje na ndani. Likiwa la baridi kuliko meza lililokaa juu yake, gundi bado ina maji. Mrudishie alibane tena, maana jalada likimalizia kukauka ndani ya mkoba litapinda.